Mkwe wa Mlangoni

Nyahin alikuwa peke yake ndani, anachoma mkate wa sago juu ya kigae, aliposikia mtu anakung'uta kijiti cha chokaa ndani ya kibuyu. Kro-kro-kro. Kisha kimya. Sauti ilitoka juu ya mlango. Alipoinua macho hapakuwa na mtu, palikuwa na lile bakuli la mti tu, linaning'inia kwa kamba kutoka kwenye boriti, na ndani yake fuvu la marehemu mume wake, Selan, limefunikwa kwa kipande cha gome.

Bakuli kutoa sauti si ajabu. Mzimu wa nyumba ukitaka jambo hukohoa, hutikisa kamba, huangusha mkuki uliosimama vizuri. Hakuna asiyelijua hilo katika Lomwat, nyumba zote hizi zilizosimama kwa nguzo ndani ya maji. Ajabu ilikuwa chokaa. Selan hakutafuna tambuu maisha yake yote. Chokaa ilimchubua kinywa tangu ujana, na wenzake walimcheka mpaka anakufa, wakisema mwanaume mwenye meno meupe vile ni aibu ya ukoo.

Nje, kwenye jukwaa la mbele, Kemwen, mdogo wake Selan, alikuwa anashona wavu.

"Shemeji," Nyahin akaita. "Umesikia?"

"Nini?"

"Kibuyu."

Kemwen hakugeuka. "Panya huyo."

"Panya anatafuna tambuu?"

"Panya wa siku hizi hawatafuni nini?" Akacheka peke yake, na kicheko kikamfia mdomoni.

Nyahin akageuza mkate. Ulikuwa umeungua upande mmoja, naye hakuwa mtu wa kuunguza mkate.

Niseme wazi utaratibu wetu, maana hapo ndipo shari ilipoingilia. Kila nyumba ina mlinzi mmoja, naye ni baba wa mwenye nyumba, aliyekwisha kufa. Fuvu lake hukaa mlangoni. Kila asubuhi anaitwa kwa jina na kuwekewa samaki, na kazi yake ni moja: asiruhusu kifo kupita. Sasa, mwenye nyumba akifa, mlinzi huyo ameshindwa kazi. Hatumbembelezi. Mrithi anamshusha, anampiga, anamtukana kwa jina lake watu wasikie, kisha anampeleka kwenye mlango wa mwamba, ule mwanya mitumbwi inamotokea, na kumtupa bahari kuu, akatangatange na mizimu isiyo na mwenyewe, na mwishowe ageuke jongoo bahari. Bakuli anapewa marehemu mpya. Wageni wanatuona hatuna huruma. Na wao huwa wanawafanyaje walinzi wanaolala kazini?

Kwa hiyo Selan alipokufa kwa homa, aliyestahili kutupwa alikuwa baba yake, Pomasau. Fuvu la Selan lilipokuwa tayari, Kemwen alikwenda kumtupa mzee alfajiri, bila kungoja watu. Majirani walisikia kipigo na matusi, wakaona mtumbwi unatoka na kurudi, wakasema basi, kijana ana uchungu, mwacheni. Siku hiyo hiyo Nyahin akaanza kumwekea mume wake samaki na kumwita kwa sauti: "Selan, kula. Selan, tulinde mimi na mwanao." Na kweli alikuwa anafarijika. Alimpenda mume wake, na kumjua yupo pale juu kulimfanya alale.

Pomasau mwenyewe, Nyahin hakuwahi kumwona. Mwanamke wa kwetu hamtazami baba mkwe usoni, wala hatamki jina lake, hata akiulizwa, hata akipigwa. Mtumbwi wa mzee ukigusa nguzo za nyumba, mke wa mwanawe anajitupia mkeka kichwani na kuhamia nyuma ya kizuizi. Nyahin aliishi hivyo na Pomasau tangu alipoolewa hadi mzee alipokufa, chini ya paa moja. Alimjua kwa masikio na pua. Alijua kikohozi chake na ile harufu ya jino bovu lililochanganyika na tambuu. Na zaidi ya yote alijua kile kijiti, kwa sababu mzee alipokasirika hakupaza sauti kama watu. Alikung'uta kijiti ndani ya kibuyu, kro-kro-kro, na mke aliyekuwa nyuma ya mkeka alianza kujiuliza amekosa nini.

Ndiyo maana, kijiti kilipolia tena jioni ile, Nyahin alishtuka kujikuta amechuchumaa nyuma ya kizuizi na mkeka kichwani. Hakukumbuka kuuchukua. Mwili ulikuwa umemtambua mtu kabla yake.

Ngalen, binti yake, alikuwa amekaa sakafuni anamtazama. "Mama, unamwonea nani aibu?"

"Hakuna mtu."

"Yupo," mtoto akasema. "Babu amerudi."

Usiku huo homa ikampanda Ngalen. Kulipokucha alikuwa hawezi kukaa. Hakulia, wala hakulalamika. Alihema tu, pumzi fupi fupi, kama mtu aliyebebeshwa mzigo. Nyahin akamkanda kwa maji, akamwita baba wa mtoto kwa jina mara nyingi, akaweka samaki mkubwa kuliko wa kila siku.

"Selan, kula. Selan, mwanao huyu."

Kila alipotamka jina la Selan, mtoto alizidi kukosa pumzi.

"Mwambie Babu atoke kifuani," Ngalen akasema. "Mzito."

Mchana maji yalijaa, na ilikuwa saa ile ya jua kali ambapo Lomwat yote hulala na hata mbwa hawabweki, na Nyahin akiwa amemlaza mtoto mapajani aliisikia ile harufu ikishuka polepole kutoka mlangoni, tambuu na jino bovu, ikapita juu ya jiko, ikapita juu ya mikeka, ikasimama mbele yake karibu kabisa, na mkono wake mwenyewe ukaanza kutambaa kuutafuta mkeka wa kujifunika, naye akauzuia kwa mkono wa pili, akaung'ang'ania, maana alijua kwamba akijifunika hatamwona mwanawe, na asipomwona mwanawe pumzi ile iliyobaki itachukuliwa hapo hapo mbele ya miguu yake wakati yeye ameinama gizani kwa heshima.

Hakujifunika. Alipiga kelele, Kemwen akaja mbio, na harufu ikarudi juu.

"Nenda kamlete Inapui awaulize wafu," Nyahin akasema.

"Shemeji, tungoje kidogo, homa za watoto—"

"Kemwen! Nenda kamlete Inapui, au nitaogelea nimfuate mwenyewe."

Huenda unajiuliza kwa nini asimchukue mtoto akakimbilia kwa kaka zake. Mtoto ni wa nyumba ya baba. Mlinzi wa nyumba hiyo angemfuata popote, na hakuna mzimu wa kaka yeyote ambao ungemzuia, kwa kuwa angekuwa anadai kilicho chake.

Inapui alikuwa mwanamke mnene mwenye hasira za karibu, aliyefiwa na mtoto wa kiume akiwa mchanga. Mtoto huyo ndiye aliyekuwa mjumbe wake. Mama huuliza, mtoto huenda kwa wafu, hurudi na jibu kwa mbinja kupitia midomo ya mama yake. Inapui aliingia akihema, akaketi, akauweka mkoba wenye kifuvu kidogo mapajani.

"Nimeamshwa usingizini," akasema. "Na huyu wangu mvivu kama baba yake. Ukimtuma anakwenda kucheza na wenzake. Haya, akaulize nini?"

"Muulize Selan kwa nini anaacha mtoto wake auawe," Nyahin akasema.

Inapui akafumba macho. Mbinja ikatoka midomoni mwake, nyembamba, inapanda na kushuka. Kemwen alikuwa amesimama karibu na mlango, lakini si chini ya bakuli. Mbinja ikakatika ghafla. Mwanamke akafumbua macho, na ule ubabe wote ulikuwa umemtoka.

"Mtoto wangu hataki kuingia," akanong'ona. "Anasema Selan hayupo humu."

"Hayupo vipi? Si yule pale!"

"Nisikilize, mwanangu. Anasema humu kuna mtu anayekaa njaa. Kila asubuhi chakula kinawekwa mbele yake, halafu anaitwa mwingine. Hawezi kula chakula kilichoitiwa mwingine. Ndiyo maana anakula pumzi ya mtoto. Pumzi haina jina." Akageuka taratibu. "Kemwen. Ulimtupa nani baharini?"

Kemwen akaketi pale pale aliposimama.

"Alinijia ndotoni," akasema kwa sauti ndogo. "Usiku wa msiba. Alisema nikimgusa atanichukua mimi. Inapui, wewe unamjua baba alivyokuwa. Tangu nikiwa mdogo. Sikuweza. Nikasema Selan ni mpole, Selan atanisamehe..."

"Na kile kipigo watu walichosikia?" Nyahin akauliza.

Kemwen akaanza kukwangua ubao wa sakafu kwa ukucha.

"Shemeji, nakuuliza. Ulimpiga nani?"

"Ilibidi watu wasikie," Kemwen akasema, na machozi yakamtoka.

Nyahin aliwaza juu ya fuvu lile ambalo yeye na wanawake wenzake walilisafisha kwa maji ya bahari na mchanga mwororo mpaka likawa jeupe, na meno yale mazuri ambayo watu waliyacheka. Uchungu ulimpanda mpaka akaona kiza. Angeweza kumrukia shemeji yake amng'oe macho. Lakini mapajani mwake mtoto alivuta pumzi, akakaa muda mrefu, ndipo akavuta nyingine.

"Mtupe sasa," akasema.

"Sasa?"

"Sasa hivi. Ni baba yako. Mpige, mwite, mtupe."

Kemwen akainuka. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye bakuli. Juu yake kijiti kikalia ndani ya kibuyu ambacho hakikuwepo, kro-kro-kro, kro-kro-kro, na mkono wa mtu mzima yule, aliyewahi kupambana na papa, ukashuka wenyewe ubavuni.

"Siwezi," akasema. "Siwezi, shemeji. Nihurumie."

"Jua likizama atakuwa amemmaliza," Inapui akasema. "Na bila mwanaume wa nyumba..."

Nyahin akamlaza mtoto mikononi mwa Inapui. Akasimama. Mkeka wake wa kujifunika ulikuwa pale karibu. Akaupiga teke ukaenda kuanguka ndani ya jiko, na mara ukaanza kutoa moshi.

"Weee!" Inapui akapiga kelele. "Mwanamke, una wazimu? Huyo ni mkweo! Usimtazame!"

"Mwanangu anamtazama tangu jana. Mimi ni nani nisimtazame?"

Akapanda juu ya gogo la kukalia, akakamata bakuli kwa mikono miwili na kulishusha. Lilikuwa zito kupita kiasi, zito la mtu mzima aliyekataa kuinuka. Akalitua sakafuni. Akaondoa gome.

Meno yalikuwa meusi kwa tambuu, na moja limeoza hadi kwenye mfupa. Huo ndio uso. Miaka yote ya kuinama, ya kula baada ya wengine, ya kujifungua mtoto nyuma ya mkeka huku amefunga kinywa mzee asisikie, na uso wenyewe ulikuwa huo, mfupa mdogo wenye paji jembamba. Nyahin alicheka. Hakuwa amekusudia, kilimtoka tu, kicheko cha hasira, na Inapui akaziba masikio.

"Ndiye huyu?" akasema. "Ndiye huyu kweli? Kemwen, shika kasia."

Labda kule kuchekwa kwa baba yake ndiko kulikomzindua Kemwen, sijui. Alishika kasia.

Mtumbwi ulipotoka chini ya nyumba watu walikuwa wameshaamka kwa kelele na kujaa kwenye majukwaa. Walimwona mjane amekaa mbele, kichwa wazi, na fuvu la mkwe wake mapajani, na wanaume wakaanza kupiga kelele.

"Nyahin! Rudi! Unatuletea maafa!"

"Kemwen, wewe ni mwanaume gani unaendeshwa na mwanamke?"

"Na wewe njoo umbebe basi!" Nyahin akajibu. "Njoo, nafasi ipo!"

Hakuna aliyekuja. Wanaume wa Lomwat ni hodari sana wakiwa kwenye majukwaa yao.

Kadiri walivyokaribia mlango wa mwamba, ndivyo fuvu lilivyozidi kuwa zito, mpaka mtumbwi ukainama mbele na maji yakaanza kuchungulia ubaoni, na harufu ya lile jino ikawajaa puani hata upepo wa bahari usiiondoe, na kutoka nyumbani nyuma yao, ng'ambo ya maji yote yale, ikaja sauti ya Ngalen anayelia kwa mara ya kwanza tangu augue, kilio kirefu kinachokwenda kikikonda, na Nyahin akaliinua fuvu kwa nguvu zake zote alitupe na halikutoka, vidole vya mkono mmoja vilikuwa vimekwama ndani ya matundu ya macho kana kwamba kuna mtu upande wa pili amevishika, na Kemwen nyuma yake akawa anarudia neno moja tu, baba, baba, baba, kama mtoto anayeomba asipigwe.

"Mwite jina!" Nyahin akafoka. "Bila jina haendi! Kemwen, mwite baba yako jina!"

Kemwen akafungua kinywa. Hakikutoka kitu.

Basi akaita yeye.

"Pomasau!"

Lile neno lilivuka maji likagonga nyumba zote, na kwenye majukwaa watu wakainama kama waliorushiwa kitu. Wanawake walijifunika vinywa. Yeye mwenyewe alisikia ulimi wake unawaka, maana jina hilo halikuwahi kupita hapo.

"Pomasau! Unanisikia, Pomasau? Mimi ni mke wa mwanao, yule wa nyuma ya mkeka. Ulikula samaki wetu mpaka ukashiba, ukalala, na kifo kikapita miguuni pako kikamchukua Selan! Mlinzi gani wewe? Ukafukuzwa, ukajificha nyuma ya woga wa mtoto wako! Ukaacha mwanao atupwe badala yako! Na sasa unanyonya pumzi ya mjukuu wako, mtoto aliyekuwa anakutoa mba kichwani! Huna aibu, Pomasau! Huna kazi, huna nyumba, huna bakuli!"

Akalipiga fuvu kofi, kwa mkono ule uliobaki huru. Jino bovu likaruka.

"Toka!"

Vidole vikafunguka. Fuvu likaanguka katika maji ya buluu nzito ya nje ya mwamba, likashuka bila hata povu moja, na mtumbwi ukainuka ghafla hata Kemwen akaangusha kasia.

Walipofika nyumbani Ngalen alikuwa amekaa, amejilaza kifuani kwa Inapui, anasema ana njaa. Nyahin akamshika, akamnusa kichwa, mikono, tumbo. Akalia mpaka kwikwi zikamshika, na hakuona haya ya mtu yeyote.

Lakini Inapui hakuwa anafurahi. Midomo yake ilikuwa imeanza kupiga mbinja yenyewe, taratibu.

"Kuna mwingine," akasema. "Mtoto wangu anamwona. Yuko chini ya nyumba, kwenye nguzo, katikati ya majongoo bahari. Anasema amefuata mtumbwi wenu kutoka nje."

Kemwen akaanguka kifudifudi, akaweka jicho kwenye ufa wa sakafu. "Kaka!" akaita. "Kaka, nisamehe!"

"Anasema bakuli li wazi," Inapui akaendelea. "Fuvu si lazima. Mkewe amwite tu jina, na samaki awekwe. Ataingia." Akamtazama Nyahin kwa macho ya huruma. "Mwite, mwanangu. Huyu wako alikuwa mtu mwema. Nyumba itasimamaje bila mtu mlangoni?"

Chini, maji yalikuwa yanapiga nguzo. Nyahin alimtamani Selan. Jina lake lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi, na kulitamka kulikuwa kitu rahisi kuliko vyote duniani. Akamwangalia mtoto anavyotafuna mkate ulioungua.

Akapiga magoti juu ya ufa.

"Mume wangu," akasema, na jina hakulitaja. "Nakujua. Na wewe unanijua. Ulitendewa ubaya, nami nitakulilia mpaka nife. Lakini baba yako naye mwanzoni tulimwita kwa mapenzi. Leo utamlinda mtoto. Kesho nitachelewa na samaki, keshokutwa tutakosana, na wewe utataka pumzi. Sikuiti."

Mbinja ya Inapui ikapanda juu, ikawa kama kilio, kisha ikanyamaza.

"Nani sasa atakaa mlangoni?" Kemwen akauliza, uso bado sakafuni.

"Mimi."

Akalichukua lile bakuli, akalipasua kwa shoka, akapikia sago. Alikaa mlangoni tangu siku hiyo, kichwa wazi, na wanaume waliomzomea walijifunza kusimamisha mitumbwi yao chini na kuuliza kwanza, "Mwenye mlango yupo?" Naye akiwapenda huwajibu, na asipowapenda huwaacha juani. Ngalen alikua pale, mwenye afya na mdomo mrefu kama mama yake.

Watu husema nyumba ile haina mzimu. Wanasema hivyo wale ambao hawajawahi kukaa humo maji yanapojaa. Yakigusa sakafu, sauti ya mwanaume mpole hutoka chini ya mbao, karibu kabisa na pale alipoketi Nyahin, ikiuliza kwa adabu, na kila mwaka unaopita adabu hiyo inapungua kidogo:

"Mwenye mlango yupo?"

"Yupo," Nyahin hujibu, bila kuacha kufuma. "Rudi baharini."

Na hutandaza mkono wake juu ya ufa, akabonyeza, mpaka kile kinachosukuma kutoka chini kichoke.